Nilivyowaomba Majaji Wawangoje Wenzao

Hii aibu nimemficha hata mke wangu, lakini leo acha niitoe, nyinyi chekeni tu. Nilikuwa nimemsindikiza Shangazi Wambui hadi Mahakama ya Juu, kusikiliza hukumu ya kesi ya shamba lake la Uthiru, kesi iliyopitia mahakama zote za chini na sasa imefika mwisho, yaani akishindwa hapa anahama. Kwa kuwa mimi ni katibu wa kamati ya kanisa, Shangazi aliniona mtu wa sheria (sheria ninayoijua ni ya kupanga viti na chai), nami sikumkatalia.

Nilishamwambia majaji ni saba. Wakaingia watano.

“Hao wengine wako wapi?” akaninong'oneza.

“Wako njiani,” nikasema, maana ningesema nini?

Hukumu ikasomwa kwa Kiingereza kirefu na kizito, nami nikaokota kitu kimoja tu: watatu wametukataa, wawili wametukubali. Nikapiga hesabu, wawili wetu na wale wawili wa njiani ni wanne, na wanne wanawashinda watatu. Kwenye kamati yetu asiyekuwepo hupigiwa simu atoe kauli yake (mzee mmoja aliwahi kupiga kura akiwa kwa kinyozi Kenyatta Market), kwa hivyo nikamwambia, “Anti, bado haijaisha.” Akaanza kumshukuru Mungu, tena kwa sauti. Sasa ningemwacha hivyo? Nikasimama.

“Waheshimiwa, tunaomba msifunge kabla wale wawili hawajapigiwa simu.”

Ukumbi mzima ukageuka. Wakili wetu akajifunika uso na faili. Askari akaanza kunijia, lakini jaji wa katikati akamzuia kwa mkono.

“Wawili gani?” akaniuliza kwa upole.

“Wenzenu. Si mko saba?”

Watu wakacheka, yeye hakucheka. “Tuko saba, lakini watano wanatosha kuamua kesi. Hawa unaowaona ndio mahakama leo. Keti, tumemaliza.”

Nikaketi nikiwa sielewi kama nimefukuzwa au nimesamehewa. Shangazi akaniangalia. “Kwani hao wawili walikuwa wanakuja kufanya nini?”

Nilitamani sakafu inimeze. Huko nje akaniuliza tukate rufaa wapi, nikamwambia hakuna mahakama nyingine juu ya hii, na hilo angalau nililijua. Tulipopita Muthangari tukirudi nyumbani, akanigeukia.

“Mimi nilikuwa nimejipanga kushindwa,” akasema. “Wewe ndiye umenifanya nishinde kwanza.”

Tangu siku hiyo nikiulizwa kitu nisichokijua nasema sijui, tena mapema.