Mama Madumu na Mlima Wake

Fundi cherehani yule alipewa jina zuri na wazazi wake, lakini mtaa ulikwisha kulizika. Watu wote, wakubwa kwa wadogo, walimwita Mama Madumu, kwa kuwa buti ya gari lake haikukosa madumu ya maji hata siku moja. Wengine hutembea na tairi la akiba. Yeye alitembea na kisima.

Gari lenyewe lilikuwa la baba yake, dereva wa malori aliyestaafu. Magoti yalipomgomea, mzee alimkabidhi binti yake funguo na mawaidha mengi kuliko ya siku ya ndoa. Kwenye tambarare lilikwenda bila neno. Likiona mlima tu, linachemka. Na nyumba ya Mama Madumu, kwa ubishi wa dunia hii, ilikuwa juu ya mlima, maana ndiko alikopata kiwanja anachokimudu.

Nyumba hiyo aliijenga kwa sindano. Sare za shule, mapazia, pindo za suruali za watu wanaonenepa na kukataa kukiri: haba na haba mpaka paa likakaa. Watu waliiona na kuisifu, isipokuwa yule mmoja ambaye sifa yake ndiyo aliyoitaka. Baba yake alikuwa chini kule, katika chumba cha kupanga, peke yake na redio yake, na hakuwahi kuiona hata ukuta wake mmoja.

Si kwamba hawakujaribu. Walijaribu mara mbili, na mara zote mbili gari lilichemka katikati ya njia. Mara ya pili mzee alisimama juani kando ya barabara, kaegemea fimbo, watu wakipita na kumpa pole ambazo hakuziomba.

"Mwanangu," alisema, "nimeendesha malori maisha yangu yote, sijapewa pole barabarani. Kwenye birika hili sipandi tena."

"Basi nikukodie teksi, baba."

"Kwa mwanangu niende kwa gari la kukodi? Mimi mgeni?"

Ndivyo alivyokuwa. Kichwa kigumu, na binti yake alikirithi pamoja na gari. Lakini mzee alikuwa akichoka, na Mama Madumu aliliona hilo kila alipompelekea nguo zilizofuliwa. Aliogopa, tena aliogopa sana, kwamba baba yake angefumba macho bila kuiona nyumba ile.

Majirani walimshauri aliuze gari kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. La kuvunda halina ubani, walisema. Fundi magari wa kona alikuwa na ubani wake: kila rejeta ilipovuja, alitumbukiza kipande cha sabuni, au yai bichi, au pilipili manga ya kusaga, ati huziba matundu. Mama Madumu alipoamua mwenyewe kujifunga kibwebwe na kuyamwaga maji yale ya zamani, yalitoka rangi ya kutu yakiwa na vitu vinavyoelea. Aliyanusa, akapiga chafya. Rejeta ilikuwa na viungo kuliko jiko lake.

Aliisafisha mpaka maji yakatoka meupe. Kisha akafanya jambo ambalo fundi wa kona alilicheka mpaka akakaa chini. Alichukua mabaki ya kitambaa cheupe, akayachana vipande vyembamba, akayafunga maungio yote ya mipira ya maji kama anayemfunga mtoto vidonda. Akazungusha gari mtaani, akarudi, akafungua boneti. Mahali palipovuja, kitambaa kilikuwa kimelowa. Mpira wa chini wa rejeta ulivuja kwenye klipu. Mshono wa rejeta yenyewe ulivuja pembeni. Na kile kifuniko kilicho juu ya injini, mpira wa juu unapoingilia, nacho kilikuwa kimelowa chapachapa.

Alikifungua kifuniko kile abadilishe gasketi tu, ile karatasi ngumu ya kuzuia maji yasivuje. Ndani alitarajia kukuta thamostati, kile kidude kinachoongoza maji ya injini kwa joto lake. Hakukuta kitu. Palikuwa patupu, pasafi, pakiwa na dalili kwamba paliachwa vile miaka mingi.

Muuza spea, mama mmoja mnene asiyependa maneno mengi, alimwekea thamostati mpya juu ya meza.

"Mnazitoa wote," alisema, "halafu mnakuja kwangu kulalamikia rejeta. Muulize aliyeitoa."

Mama Madumu hakuhitaji kwenda mbali kuuliza.

"Niliitoa mimi, kwa mkono huu," mzee alisema, wala hakupunguza sauti ya redio. "Kile ni kifaa cha nchi za baridi. Huku joto lote hili cha nini? Kila dereva aliitoa. Usinifundishe kazi niliyokulea nayo."

Binti yake alikuwa amekuja na ile mpya mfukoni. Aliinjika sufuria ya maji kwenye jiko la baba yake, akaifunga thamostati kwa uzi, akaining'iniza ndani ya maji. Mwanzo haikufanya lolote, na mzee akaanza kutabasamu. Maji yalipokaribia kuchemka, kisahani cha juu kikafunguka taratibu, na kisahani cha chini kikashuka.

"Hiki cha juu kinafungua njia ya kwenda kwenye rejeta," alisema. "Na hiki cha chini kinaziba njia ya mkato. Kwenye injini hii, baba, ukiitoa, mkato unabaki wazi. Maji ya moto yanazunguka humohumo, mengi hayafiki kupoa. Ndiyo maana mlimani linachemka."

Mzee aliinama akaichungulia sufuria. Akazima redio.

"Sufuria haipandi mlima," alisema.

"Nitaupanda mimi."

Alikwangua gasketi iliyooza kwa uvumilivu wa mtu aliyezoea kufumua mishono ya wengine. Gasketi mpya aliichora kwa chaki yake ya kushonea, akaikata kwa mkasi. Si ule wa vitambaa, jamani; kuna dhambi zisizotendwa hata kwa ajili ya mzazi. Aliiweka thamostati, kipini chake kidogo cha kutolea hewa kikiwa juu. Mpira wa chini alinunua mpya na klipu zake. Mshono wa rejeta aliuchomelesha kwa fundi wa kulehemu. Akajaza maji safi na kulanti, dawa ya kupoza injini, akaegesha gari pua ikitazama juu, kifuniko cha rejeta kikiwa wazi, injini ikinguruma, mpaka mapovu yote ya hewa yalipokwisha.

Akafunga tena vile vitambaa vyeupe, akazunguka mtaa mzima. Vilirudi vikavu vyote. Mama Madumu alicheka peke yake chini ya boneti, na fundi wa kona, safari hii, hakucheka.

Siku ya safari mzee alivaa shati lililopigwa pasi. Alikubali kupanda, lakini kwa sharti: dumu la maji alilipakata mwenyewe mapajani. Walianza kuupanda mlima. Wote wawili hawakutazama barabara hasa, walitazama mshale wa geji ya joto. Ulipanda mpaka katikati. Ukatulia.

"Ni hapa," mzee alisema walipofika mahali pa zile pole.

Mshale haukutikisika. Walipapita.

"Rudisha gia ya pili," alisema kwa sauti ambayo binti yake hakuwa ameisikia tangu magoti yale yalipogoma. "Hivyohivyo. Usilibane. Sasa kanyaga, mwanangu! Kanyaga!"

Akakanyaga. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Juu, mzee alishuka na fimbo yake, akaizunguka nyumba pole pole. Alizigonga kuta. Akafungua na kufunga madirisha. Akasema bawaba za mlango wa nyuma zimepachikwa na mtu aliyekuwa na haraka. Kisha akaketi barazani, akanyoosha magoti, akautazama mji wote uliokuwa chini yake.

Jua lilipoanza kuinama, Mama Madumu alichukua funguo.

"Baba, turudi kabla giza halijaingia."

Mzee hakugeuka.

"Turudi wapi?" alisema.