Gari Alilolijua Muthama Peke Yake

Jumanne moja ya Agosti 1974, Kalekye alikuwa akipiga taipu ofisini Government Road alipomwona Ndungu, fundi mwenzake baba yake, mlangoni na ovaroli yake ya gereji. Ndungu hakuwahi kuzipanda ngazi zile.

"Dada, chukua koti twende."

"Ni baba?"

"Ameanguka kazini. Tulimfikisha hospitali, lakini... Mungu amemchukua."

Baba yake, Muthama, alikuwa fundi wa magari Dagoretti Corner miaka kumi na minne. Shule aliiachia darasa la pili. Lakini bwana mmoja wa Lavington alipoleta Volkswagen isiyo na klachi ya mguu, mafundi wengine wakaikwepa, yeye aliipokea. Kalekye, wakati huo kidato cha pili, alimsomea kitabu cha gari hilo mstari kwa mstari, akikitoa kwenye Kiingereza, naye akifuatisha kama anayekariri Zaburi.

"Rudia hapo kwa mafuta," alikuwa akimwambia. "Hapo ndipo watu huua gari."

Jumamosi ya mazishi, bwana yule aliwaazima gari lilo hilo. Jeneza lilikuwa limetangulia Kangundo kwa pikapu ya kanisa. Mama yake Kalekye, Kasyoka, alikuwa amelazwa na malaria wiki nzima, hata mochari hakufika. Na Pasta Mbithi alikuwa na mazishi mengine Tala. Saa nane, alisema, jeneza litafungwa.

Saa tano, penye mzunguko wa Uhuru Highway, injini ilinguruma lakini gari likajikokota tu. Mjomba Wambua akaliegesha kando, akavuta kijiti cha kupimia mafuta ya injini.

"Yamejaa! Hili gari limelogwa."

"Ushindwe!" mama akasema kutoka ndani. "Wambua, wakimzika kabla sijamwona uso, nitakaaje?"

Wambua akafungua tangi dogo la pembeni, akainua mkebe wa oili ya injini.

"Mjomba, usimwage! Hapo ni mafuta ya gia, yale mekundu."

"Fundi wa taipureta ananifunza gari?"

"Mimi nilimsomea baba kitabu. Wewe ulimsomea nini?"

Wambua akaweka mkebe chini.

Kalekye hakuwahi kuligusa tangi lile. Alichomoa kijiti cha tangi hilo, akakifuta kwa karatasi safi, maana nyuzi za kitambaa zingeingia ndani, akakirudisha, akakivuta tena. Kikatoka kikavu. Wambua alikimbia kutafuta mafuta mekundu. Aliporudi, saa sita ilikuwa imepita. Kalekye akamimina kidogo, akapima, akamimina tena, akiomba kimoyomoyo asipitishe alama ya juu.

"Haya, tia gia."

Gari likaondoka.

Walifika dakika tano kabla ya saa nane. Mama akashikwa huku na huku hadi penye jeneza. Alimtazama mumewe, akamnyooshea kola ya shati.

"Sawa," akasema. "Mfungeni."

Waliimba kwa Kikamba jeneza likishushwa kwa kamba. Mama alitupa udongo wa kwanza, Kalekye akafuata. Vijana wakajaza kaburi kwa majembe, pasta akaomba, watu wakatawanyika.