Mzee Mwenye Hamu Tele

Zahanati hiyo ya kisiwani Pate, jina lake nalificha, ilikuwa na chumba ambacho hata paka hakuingia, na paka wa kwetu hakuna wasikoingia. Mlangoni palibandikwa karatasi kubwa: HUDUMA YA AFYA YA AKILI. Aliyeibandika alikuwa na nia njema. Lakini kwetu ukisema akili ya mtu haina afya umekwisha kumwita mwendawazimu, na mlango wenyewe ulitazamana na benchi la wagonjwa. Ungeingia pale na kikohozi, ukatoka na wazimu, na kabla hujafika kwako habari imekwisha vuka maji hadi Amu, mji wa Lamu, ikanywa kahawa, ikarudi.

Kazi yangu ilikuwa kuzisaidia zahanati za visiwani ziutibu mwili na moyo kwenye meza moja, mgonjwa asizungushwe. Niliipata baada ya kumaliza kidato cha nne katika shule ya usiku, wakati wenzangu wa rika wanaitwa nyanya. Mchana nilikuwa nikifua mashuka ya wageni huko Shela. Nimefua mashuka ya kufunika bahari yote hadi Amu, na foronya zikabaki. Basi nilipopewa mafunzo na begi la mkanda, nilitembea kama mwenye shahada tatu.

Cha kwanza tuliing'oa ile karatasi. Muuguzi alikuwa kijana kutoka bara, Kiswahili chake safi kabisa, cha darasani. Watu walimwita daktari hadi akachoka kukataa. Tulikubaliana kwamba maswali ya moyo yaulizwe pale pale anapopima presha na sukari, huku mkono wa mgonjwa umo ndani ya mkanda wa presha, hawezi kukimbia.

Wagonjwa wakajibu Alhamdulillahi.

"Unapata usingizi, mama?"

"Alhamdulillahi."

"Unakula vizuri?"

"Alhamdulillahi."

Paa linavuja, mume hajulikani alipo, mbuzi kafa: Alhamdulillahi. Muuguzi akaniambia, "Bi, hawa watu wote wazima. Tufunge tuondoke."

"Hilo si jibu," nikamwambia. "Hiyo ni shukrani. Mungu hushukuriwa kwanza, kisha ndipo mtu hulalamika. Wewe ngoja, uulize tena."

Alijifunza kungoja. Kina mama wakaanza kusema, wengine hata kukatika hawakatiki. Tukajiona tumeshinda.

Aliyetusumbua ni mzee mmoja, fundi wa makubadhi, asili yake Siyu, ambako viatu vya ngozi hushonwa tangu dunia ikiwa na meno ya utoto. Alikuwa na ugonjwa wa sukari na kidonda mguuni, pembeni mwa kidole kidogo. Mkewe alikuwa amefariki, hilo tulilijua. Dawa alipewa, lakini sukari yake ilipanda kama anayeishi kwa halua tupu.

"Mzee, jana ulimeza dawa?"

"Nilisahau."

"Na juzi?"

"Juzi nilisahau kwamba nasahau."

Muuguzi hakucheka. Akapitisha kidole juu ya kifundo cha mguu wa mzee, kama achoraye mstari. "Kidonda hiki kikifika kwenye mfupa, watakukata hapa. Unanielewa? Hapa."

Mzee akautazama mguu wake kama wa jirani.

Tukaja kwenye maswali. "Siku hizi umepungukiwa na hamu?"

"Hamu?" Mzee akainua uso. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo. "Haikupungua, mwanangu. Hamu ninayo tele. Usiku ndipo huzidi."

Mimi nikajiziba mdomo kwa mtandio. Muuguzi akaandika kwamba hapo hakuna tatizo. Mzee alipoondoka akaniambia, "Huyu hana huzuni. Huyu anataka mke." Nami, na cheti changu cha kidato cha nne, nikaafiki.

Aliporudi kufungwa kidonda, kidole kilikuwa kimegeuka rangi na harufu imemtangulia mlangoni. Muuguzi alitaka kumchangamsha kabla ya kukisafisha. "Bwana mkubwa, na ile hamu yako? Tukutafutie bibi?"

Mzee akauvuta mguu wake nyuma. Kisha akasema, polepole, "Mwaniteka."

"La, mzee! Hakuna anayekuteka hapa!" Muuguzi akasimama, ameshika mkasi, akautazama, akauweka chini haraka. Alidhani ametuhumiwa kuteka nyara. Ikabidi nimwambie kwamba kwetu kuteka ni kucheka, mzee anasema tunamcheka.

"Mimi nakwambia nina hamu," mzee akasema, na sasa sauti ilikuwa imepanda, "wewe waniletea harusi? Hukuomba dua hata siku moja wewe? Hamu na ghamu! Hamu na ghamu, mwanangu!"

Hapo ndipo nilipoelewa. Hamu hiyo ni ile ya Kiarabu, ile ya kwenye dua ya asubuhi, tunapomwomba Mungu atukinge nayo: dhiki inayokaa kifuani na kubana. Kwenye swali letu, hamu ni shauku, mtu kutamani kula, kufanya kazi, kuonana na wenziwe. Neno moja, na yeye alilisikia kwa sikio la msikitini. Tangu siku ya kwanza alikuwa ametueleza kila kitu waziwazi, nasi tukamwandikia mzima.

Nikamweleza muuguzi kwa maneno machache. Sikumwona akitafuta pa kujificha. Alivuta kigoda, akakaa chini kuliko mzee, akauweka ule mguu gotini kwake.

"Nisamehe, baba. Nilisikia jingine. Nieleze hiyo hamu."

Akaanza kusafisha kidonda, na mzee akaanza kusema. Mkewe ndiye aliyekuwa akimpa vidonge, pamoja na uji, kila asubuhi, huku akimgombeza. Sasa akiingia jikoni hutoka bila kuonja kitu. Ngozi alizokwisha kata zimekauka, hazijashonwa. "Wanambia nimeze dawa nipone. Nipone niende wapi?"

Mkono wa muuguzi ukasimama. "Baba, nakuuliza bila kuzunguka. Umewahi kufikiria kujiua?"

"Astaghfirullah! Sijiui." Kisha akaongeza, "Lakini nikiondolewa, sitashika mlango."

Hatukuwa na muujiza. Tulikuwa na bandeji, na siku za kufunga kidonda. Tukapanga kila anapokuja kufungwa, muuguzi asafishe na amsikilize, yote mawili kwenye kigoda kile kile. Vidonge vikahamia kwa dada yake, nyumba ya tatu, ambako uji upo na kugombezwa kupo, tena kwa sauti ya kusikika hadi gatini Mtangawanda. Nilimwona dada huyo kazini. Hata kuku wa nyumba ile wangemeza dawa. Na swali letu tukalibadilisha: tukauliza kama mtu bado anayafurahia mambo aliyokuwa akiyapenda. Neno hamu tukalipumzisha.

Sukari ilishuka. Kidole lakini kilikuwa kimekwisha kufa, na tukampeleka Amu hospitalini. Siku ya kusubiri daktari mimi ndiye niliyetokwa na jasho. Yeye alikuwa akikagua viatu vya kila apitaye, akisikitika. Walikata kidole kidogo. Mguu wakauacha.

Nikamuuliza wodini, "Na hamu, mzee?"

"Ipo. Yeo imeniwata nikala." Yaani leo imemwacha. Nikatazama sahani: samaki kabaki miba, na miba yenyewe imelambwa.

Nilimsindikiza kurudi kwa boti. Mtangawanda maji yalikuwa yamekupwa, ngazi za gati zikawa ndefu na zenye utelezi, na nahodha akampa mkono amvute. Mzee akausukuma.

"Niwate. Mguu ni wangu."

Akapanda ngazi moja, akapumzika. Akapanda nyingine. Abiria wote nyuma yetu wakangoja, na hakuna aliyenung'unika ila mimi, kwa sababu jua lilikuwa likinichoma utosi. Alipofika juu aliita pikipiki, akabishana na dereva kidogo juu ya nauli, akapanda, mguu wenye bandeji ameunyoosha pembeni.