Spika Ndefu ya Kibandani

Leo nimeongea mbele ya watu wazima, tena kwa sauti. Naandika hii kwa furaha. Mimi ndiye yule ambaye mwalimu akiniuliza jibu ninalolijua, naangalia viatu.

Yote ni kwa sababu ya wufa, ule mtambo wa spika za TV. Anko anayeishi Kawangware, ndugu ya mathe, yaani mama yangu, alinunua mpya akatuletea ile yake ya zamani: lile sanduku kubwa la besi, spika nne ndogo zinazofanana, na moja ndefu ya kulazwa. Buda, yaani baba, akazitundika zile nne kwenye pembe za chumba chetu hapa mtaani Lindi. Ile ndefu akaigeuzageuza, akasema hii imeachana na wenzake, hata ikitolewa hakuna kitakachoharibika. Mathe naye alikuwa analilia redio ya kibanda chake cha mandazi, kule mwisho wa ploti kando ya njia. Basi buda akavuta waya juu ya paa za majirani mpaka kibandani, akaining'iniza spika juu ya karai.

Haikutoa hata mkwaruzo. Dekoda inaimba huku ndani, kule kimya. Mathe akasema ameletewa maiti. Buda akasema ataiangalia, na sisi tunaijua hiyo "nitaangalia" yake. Spika ikabaki inaning'inia.

Sasa, kukhu. Kukhu ni mama yake mathe, yuko shags, kijijini kule Western. Alipasuliwa koo, na tangu hapo mathe hajasikia sauti yake. Daktari alimkataza simu, maana kukhu akishika simu hupaza sauti kana kwamba anaita ng'ombe. Kila mathe akipiga, anaambiwa tu kwamba siku hizi anaongea vizuri. Mathe hakuamini. Alisema wagonjwa wa nyumbani kwao huwa wanaendelea vizuri hadi siku unapoitwa uje na blanketi la kuzikia. Mwishowe anko akaenda mwenyewe, akamrekodi video, na leo baada ya kanisa akaja nayo kwenye flashi. Kabla ya leo hatukuwahi kuchomeka flashi kwenye hiyo wufa. Sisi ni dekoda tu.

Majirani walijaa kitandani, kwenye viti na mitungi ya maji. Nilipoona macho yote hayo nikasema nitaenda kuangalia mandazi. Ndivyo ninavyokimbiaga wageni, na hakuna anayekataa.

Nilikuwa nageuza mandazi wakati maiti ilipokohoa juu ya kichwa changu. Halafu ikaanza kuongea Kiluhya. Nusura nidondoshe kijiti kwenye mafuta. Ilikuwa sauti ya kukhu, nzito kidogo kuliko zamani lakini yenyewe kabisa, na ilikuwa inapanda kama inayosukumwa. Mama mmoja aliyekuwa amekuja kununua akaangalia juu, akaniuliza, "Huyo ni nani anakugombeza?"

Nikamwachia kijiti nikakimbia.

Ndani nilikuta mambo mengine. Kwenye TV, kukhu amekaa kibarazani, mdomo unaenda, lakini kinachosikika ni kuku na watoto wanaocheka kwenye pembe za chumba. Buda alikuwa amepandisha sauti hadi mwisho. Kuku walikuwa kama wako chini ya kitanda. Ili kujua kama wufa ni mbovu, akabonyeza arudi kwa dekoda bila kuteremsha sauti. Mtangazaji wa mpira akalipuka, vikombe vikaruka, jirani akapiga mabati kwa ngumi. Buda akarudisha flashi upesi, na kuku wakaendelea.

Hapo ndipo mathe alipoanza kulia. Wufa ni nzima, akasema, si mmesikia? Basi kisichokuwepo ni sauti ya mama yake.

"Mlinidanganya," akamwambia anko. "Mmeniletea mdomo mtupu."

Anko aliapa kwamba alimsikia kwa masikio yake. Hakuna aliyemwangalia. Nikajikuta nasema, "Mathe, kukhu yuko kibandani."

Chumba kizima kikanigeukia. Uso ulinichoma. Buda akauliza nani anageuza mandazi. Nilichukua rimoti mkononi mwake, nikarudisha video mwanzo, nikamshika mathe mkono tukatoka, na wageni wote nyuma yetu.

Tukasimama kuzunguka karai. Kukhu akakohoa, akasalimia ukoo mzima, kisha akasema, "Na mwambieni huyo msichana wangu aache kulia, sijafa. Na arudishe karai langu."

Watu wote wakaangalia karai. Mathe alicheka huku machozi yanamtoka, akashika nguzo ya kibanda, akasema nirudishe mwanzo tena. Nilikimbia ndani na nje sijui mara ngapi. TV ilibaki peke yake na kuku wake, mandazi yakaungua, na yule mama akayala hivyo hivyo ili asipitwe.

Baadaye mimi na anko tulichezea rimoti mpaka tukaelewa. Dekoda inatupa kila kitu kwenye zile spika mbili za mbele, ndiyo maana ile ndefu ilikuwa kimya tukaiita maiti. Flashi inagawa: ngoma kwa besi, upepo na kuku kwa pembe, na midomo ya watu karibu yote kwa ile ndefu. Tena sauti ya flashi iko chini kuliko ya dekoda, kwa hivyo kabla ya kuhama lazima uteremshe kwanza, la sivyo ni ngumi za jirani. Kila spika ina kiwango chake. Niliwashusha kuku, nikampandisha kukhu, na spika ndefu ikalala chini ya TV, karibu na kidevu chake. Buda alitazama yote, halafu akaniachia rimoti.

Jioni hii mathe ameisikiliza tena, amekaa mbele kabisa. Karai limesuguliwa hadi linang'aa, limefungwa kwenye gunia, liko mlangoni. Kesho Lindi watatafuta mandazi kwingine.