Gauni la Miavuli ya Kuazima

Shangazi alikuwa fundi wa mashuka ya hospitali, na kwa miaka yote aliyoshika cherehani hakushona kingine. Pindo la juu, pindo la chini, pindo la huku, pindo la kule. Mkono wake ulizoea mstari ulionyooka kiasi kwamba siku jirani alipomletea kola ya shati aitengeneze, kola ilirudi na pembe nne, na jirani akaivaa hivyo hivyo kwa kuona haya kusema.

Kwa hiyo mtoto wa kaka yake alipotangaza kwamba anaolewa, na kwamba kila mwalikwa lazima aje na vazi lililotengenezwa kwa vitu vilivyokwisha kazi nyumbani, la sivyo asije, ukoo mzima uliangua kicheko. Shangazi hakucheka. Alichukua tepu akajipima kiuno.

Shida ilikuwa moja: nyumbani kwake hakukuwa na kitu kilichokwisha kazi. Si kwamba vitu vilikuwa vipya, la hasha. Mumewe, mtunza stoo mstaafu, mtaa mzima ulimwita Bado, kwa sababu kila ulichomwonyesha kimevunjika alikujibu, "Bado hicho, kitatengenezwa." Chumba cha nyuma kilijaa mpaka mlango ukawa unafunguka nusu. Kulikuwa na pasi zisizopata moto, redio zilizopoteza sauti, kibodi za kompyuta, kanda za muziki zilizotapika matumbo yake, na miavuli ya kubonyeza kitufe, ambayo hata ukiibonyeza kwa goti haifunguki.

"Mume wangu," alianza Shangazi, "nipe ile miavuli iliyokufa."

"Haijafa. Imepumzika."

"Haya, nipe iliyopumzika."

"Ya nini?"

"Ya kuvaa."

Bado alijikuna kidevu kama vile aliletewa ombi hilo kila wiki kazini. "Kukupa siwezi. Nitakuazima. Usikate, usitoboe, wala usinyooshe kilichopinda. Kila kitu kirudi kama kilivyotoka."

Fundi mwingine angesusa pale pale. Shangazi aliona ni jambo la maana, maana yeye mwenyewe kukata kwa mviringo hakujui. Akaanza kazi. Kifua alikitengeneza kwa kitambaa cha meza ya pasi, chenye alama ya kuungua yenye umbo la pasi kamili, ikakaa palepale penye moyo. Shingoni akasuka kola kwa utepe wa kanda. Vifungo vilikuwa vitufe vya kibodi, na Bado alisimamia mwenyewe vipangwe kwa mfuatano wake wa asili, ili kuvirudisha kusiwe na usumbufu. Sketi ndiyo ilikuwa miavuli: aliifunga kiunoni ikiwa imekunjwa, ncha juu, vishikio chini, ikamzunguka pande zote kama marinda. Akitembea, vishikio viligongana kwenye vifundo vya miguu, ko, ko, ko.

Alijitazama kwenye kioo akatokwa na machozi. Alikuwa hajawahi kuwa na gauni lenye sauti.

Siku ya harusi ilionekana kwamba kukaa hakuwezekani. Basi alipanda nyuma ya pikapu amesimama wima, Bado amemshikilia kiuno kama mtu anayehamisha kabati. Mkononi Bado alikuwa na pochi ya mkewe, yenye kitambaa cha jasho, pini na mkasi wa dharura.

Ofisi ya ndoa ilikuwa chumba kimoja chenye mlango mmoja mwembamba na madirisha ya juu yenye nondo. Bibi harusi, wazazi wake na msajili walikuwa ndani tayari. Bwana harusi alikuwa amechelewa, naye alifika sekunde ileile alipofika Shangazi. Kijana alikuwa na adabu zake. Alisogea pembeni, akainama kidogo.

"Tangulia, Shangazi."

Adabu hiyo ndiyo iliyomponza. Shangazi alipotia mguu ndani, kitufe cha mwavuli wa kulia kilikwaruza fremu ya mlango. Mwavuli ambao kwa miaka haukusikia la goti wala la nyundo ulifunguka: paa! Ukaugonga mwavuli wa pembeni yake. Paa! Ikafuatana hivyo, paa, paa, mpaka wa mwisho. Sketi ikatanuka kama hema la sherehe, nusu ndani, nusu nje, na Shangazi katikati akaziba mlango kama kizibo cha chupa.

"Imefunguka!" Bado alipiga kelele huko nje, akirukaruka. "Niliwaambia! Niliwaambia mimi!"

Walisukuma, hakwenda. Walivuta, hakurudi. Bibi harusi, ambaye gauni lake la mapazia ya bafuni lilikuwa linamtoa jasho, alisema, "Shangazi, kata!"

"Usikate!" alijibu Bado. "Hiyo sasa ni mizima!"

Msajili alitazama saa. Alikuwa na harusi nyingine baada ya hii. Akaamua ndoa ifungwe hivyo hivyo, bwana harusi ajibu akiwa huko huko aliko. Tatizo, jengo la jirani lilikuwa karakana ya seremala, na mashine ya kuranda mbao ikaanza kunguruma wakati huo huo. Sauti ya nje haikufika ndani, ya ndani haikufika nje. Aliyesikia pande zote mbili alikuwa mmoja tu.

"Mama, muulize," msajili alisema, "je, anamkubali huyu kuwa mwenzi wake?"

Shangazi aligeuza shingo. "Unamkubali?"

"Namkubali!" alipaza sauti bwana harusi.

Shangazi akarudisha uso ndani, akatamka kwa heshima zote: "Namkubali!"

Msajili alishusha kalamu. "Wewe?"

"Mimi nafikisha tu."

"Hapana, mama, nimekusikia kwa masikio yangu. Kwani wewe huna mume?"

"Ninaye. Ni huyo anayeshangilia miavuli."

"Huyo anajua kwamba umemkubali mwingine?"

Shangazi, ambaye alikwishazoea kazi ya kufikisha, aligeuka nje akauliza kama alivyoulizwa: "Mume wangu, unajua kwamba nimemkubali mwingine?"

Mashine ya seremala ilichagua dakika hiyo kunyamaza. Kila mtu alisikia. Bado aliacha kuruka. Alimtazama mkewe, akamtazama bwana harusi, kijana, suti ya magunia imemkaa vizuri. Alifungua pochi, akatoa mkasi, akapiga magoti akaanza kukata. Alikata kitambaa, akakata kamba, akapinda mbavu za chuma kwa mikono yake, anahema, "Mke wangu mimi! Mke wangu mimi!" Kizibo kikatoka. Shangazi akaangukia ndani kifuani kwa msajili, na bwana harusi akapita juu ya vipande na kwenda kusimama panapomhusu.

Ndoa ilifungwa upya kuanzia mwanzo, kila mtu akijisemea mwenyewe. Msajili aliwauliza maharusi mara mbilimbili, kila mara akimtupia jicho Shangazi.

Maelezo yalimfikia Bado baadaye, ukumbini, na ilichukua muda yakamwingia. Alipoelewa aliona aibu, akataka kwenda kukusanya vipande. Shangazi, amefungwa kitambaa cha meza kiunoni, alimshika mkono.

"Kaa hapa," alimwambia. "Ulikuwa na wivu kweli?"

"Kidogo."

"Nimekuona. Si kidogo."

Alimwagizia sahani ya wali, naye mwenyewe akala mbili. Muziki ulipoanza alivua viatu, akamwinua, wakacheza vibaya mpaka watu wakawapisha nafasi.