Maoni yangu kuhusu ile riwaya ya shamba la mkonge, na jinsi nilivyoachana na mama yangu

Wakuu, salaam. Shikamoo kwa wakubwa, wengine mambo vipi.

Wiki hii kuna mwanachama kafungua uzi anauliza maoni ya waliosoma ile riwaya ya zamani ya upelelezi, ya meneja aliyekutwa amekufa kwenye stoo ya mkonge. Nimepitia koment zote. Wengi mnaisifia, mnasema mwisho wake hamkuutegemea. Mmoja kasema hajawahi kusoma kitabu kitamu kama kile tangu amalize shule.

Na mimi nina maoni, ila hayaenei kwenye koment moja. Haya ninayoandika yamenipata mwenyewe, nimebadilisha majina tu. Anayetaka kusema ni chai, yaani nimetunga, aseme, ila asome kwanza.

Mimi ni Msukuma wa kuzaliwa bondeni. Wazazi walihamia na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa, mimi nikazaliwa huku Kilombero, nikasoma huku, nikaoa Mpogoro. Ukinisikia naongea huwezi kujua natokea wapi. Ng'ombe sina hata mmoja. Naendesha mashine ya kukoboa mpunga hapa Ifakara.

Ng'ombe wa marehemu baba walibaki kwa kaka yangu Masanja. Mama naye alikuwa anaishi kwa Masanja.

Sasa, Mwalimu Fulgence, mstaafu mmoja anayeheshimika sana mtaani, alianzisha kikundi cha kusoma vitabu. Tulikuwa nane. Jumamosi saa kumi jioni tunakaa barazani kwake, kahawa, karanga, maneno. Kiukweli nilikuwa naisubiri Jumamosi kuliko siku nyingine yoyote. Mashine ina kelele na pumba, pale nilikuwa najiona mtu.

Riwaya yenyewe alikuwa nayo Mwalimu, nakala moja tu, gamba limeshatoka. Akaifumua akaigawa vipande, kila kipande akakishona peke yake. Kipande kinazunguka kwa wote, tukimaliza tunapewa kinachofuata. Cha mwisho alikificha ndani.

Kwa ambao hamjaisoma, nisameheni, lazima niseme kilichomo.

Meneja wa shamba la mkonge anakutwa amekufa stoo. Watuhumiwa ni wanne. Mke wake, daktari wa shamba, karani wa mizani, na mchunga ng'ombe mmoja aliyekuwa anapita na mifugo akaomba kulala nje ya uzio. Fimbo ya huyo mchunga ng'ombe inaokotwa mlangoni mwa stoo.

Kabla hajatupa kipande cha mwisho Mwalimu akasema kila mtu atoe maoni, muuaji ni nani.

Akaanza Xavery. Huyu alikuwa rafiki yangu wa karibu, analima mpunga Katindiuka, harusi yangu alisimamia yeye. Akasema, "Mchunga ng'ombe. Mtu hana kwao, akiharibu hapa anahama zake."

Wa pili akasema hivyo hivyo. Wa tatu akaongeza kwamba wale watu fimbo ndiyo akili yao. Watu wakacheka.

Wakuu, hapa ndipo panaponichoma.

Mimi nilikuwa nimeshajua. Mwandishi anasema mvua ilinyesha usiku kucha, halafu asubuhi ile fimbo inaokotwa nje, mlangoni, ikiwa kavu. Maana yake iliwekwa pale asubuhi, mvua imeshakatika. Na mtu wa kwanza kuingia getini asubuhi alikuwa karani. Nililiona hilo nikiwa nasoma mashineni, nikakunja kona ya ukurasa.

Zamu yangu ikafika. Mtu mmoja akatania, "Huyu atamtetea ndugu yake." Wote wakanigeukia wanatabasamu.

Nikatabasamu na mimi. Nikasema, "Mchunga ng'ombe."

Wakanipigia makofi.

Aliyekataa ni mmoja tu, dada Kanisia, anauza dagaa sokoni. Yeye akasema, "Ni karani. Fimbo ilikuwa kavu." Mwalimu akaingia ndani kuleta kipande cha mwisho.

Kipande cha mwisho kikatoka na muuaji ni karani. Mnadhani walikubali? Xavery alisema mwandishi kalazimisha. Mwingine akasema mwisho umeharibu kitabu kizima. Mwalimu Fulgence mwenyewe, mtu ninayemheshimu kama baba, akasema, "Mwandishi ni hodari, ila huyu hajawahi kuishi jirani na wafugaji."

Tukiwa njiani kurudi, Kanisia akaniuliza, "Wewe ile fimbo hukuiona?"

Nikamwambia sikuiona.

Haya, twende kwenye kilichofuata.

Msimu ule ule mpunga wa Xavery ulikuwa umeanza kuinama, bado kama wiki mbili avune. Jumapili moja watu wakiwa kanisani, ng'ombe wakaingia shambani kwake. Aliporudi akakuta nusu ya shamba imelala chini. Kilicholiwa kimeliwa, kilichobaki kimekanyagwa kwenye tope. Ule ndio ulikuwa chakula cha watoto wake mwaka mzima. Nilienda kumpa pole, nikamkuta amekaa kwenye jaruba, ameshika suke moja. Niliumia kweli. Hilo nataka mlijue.

Jumanne kukaitishwa mkutano wa kitongoji. Nikaenda kama rafiki wa aliyepata hasara, si kama mtuhumiwa.

Mwenyekiti akauliza nani ana fununu. Xavery akasimama. Hakuniangalia.

Akasema, "Jumamosi kabla ya tukio, huyu ndugu yetu aliniuliza navuna lini. Na kaka yake ana ng'ombe."

Wakuu, mimi naendesha mashine ya kukoboa. Kila mkulima ninayekutana naye namuuliza anavuna lini, nijue foleni itakuwaje. Nimemuuliza Xavery swali hilo kila mwaka.

Nikasimama nikaeleza. Nikasema Masanja alishavusha mifugo kwenda ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro, wiki ya tatu sasa. Nikawaambia, "Pigeni simu Lupiro, muulizeni mwenyekiti wa kule. Namba ninayo hapa."

Simu nimeinyoosha mkononi. Hakuna aliyeipokea.

Kanisia akasimama. Akasema, "Mtu akisema ng'ombe hawakuwepo, si tunathibitisha kwanza?" Mwanaume mmoja akamwambia, "Kaa chini mama, hapa hatusomi riwaya."

Nikamtazama Mwalimu Fulgence. Nilijua yeye atasema neno. Akatoa miwani, akaifuta kwa shati, akasema, "Mimi simtuhumu mtu. Ila kila mmoja wetu anajua ng'ombe huku ni wa akina nani."

Halafu Xavery akamalizia. "Hata yeye mwenyewe anawajua ndugu zake. Tulipokuwa tunasoma kitabu, alisema kwa mdomo wake ni mchunga ng'ombe."

Watu wanne watano waliokuwa kwenye kikundi wakatikisa vichwa kukubali.

Nikakaa chini. Ningesema nini? Kwamba nilidanganya ili mnipende?

Kesho yake Masanja alivuka kuja Ifakara kununua dawa ya mifugo. Hakujua lolote, na mimi nilipompigia tangu siku ya mkutano simu yake ilikuwa haipatikani. Watu wakamkamata sokoni. Kabla hajafikishwa ofisini kwa mwenyekiti walikuwa wameshampiga, vidole viwili vya mkono wa kushoto vimevunjika mpaka leo havikunjiki. Fidia alitoa, hilo sitaki kulizungumzia. Akaambiwa asionekane tena upande huu.

Ndani ya mwezi akaamua kuhama bonde kabisa, aelekee kusini na mifugo. Mama akasema anaondoka naye.

Nilienda Lupiro kuwaaga. Mama alikuwa anafunga vyombo kwenye shuka. Nikamsalimia, akaitikia bila kugeuka.

Akaniuliza, "Masanja ameniambia walichosema mkutanoni. Ni kweli na wewe ulimtaja mchunga ng'ombe?"

Nikasema, "Mayu, ilikuwa hadithi tu. Mtu wa kwenye kitabu."

"Nimekuuliza ni kweli."

"Ni kweli."

Akafunga fundo la shuka, akalivuta likakaza. Akasema, "Waliokuwa wanachekwa pale ni sisi. Wewe uliyesoma ndiye ulipaswa kulijua hilo, si mimi."

Nikabeba vyombo mpaka kwenye gari. Nilipotaka kumsaidia kupanda, akamshika Masanja mkono ule mzima.

Ukweli ulijulikana baada ya miezi miwili, na haukuletwa na mpelelezi. Mke wa Xavery aligombana na kaka yake kwa mambo yao ya urithi. Kwenye ugomvi, mbele ya majirani, mwanamke akamwambia kaka yake, "Nilikufichia ng'ombe wako walipomaliza mpunga wa mume wangu, leo unanifanyia hivi?"

Basi. Ng'ombe walikuwa wa shemeji. Mwenyeji kabisa, mzaliwa wa pale pale, alinunua ng'ombe kadhaa akamwachia mtu amchungie. Na mke alijua tangu Jumapili ile ile, maana alibaki nyumbani na mtoto mgonjwa, akawaona kwa macho yake.

Xavery alikuja mashineni. Akasimama mpaka nikazima injini. Akasema, "Ndugu yangu, shetani alipita katikati yetu."

Nikamwambia, "Sawa. Itisha mkutano uliomtajia Masanja, uwaambie hivyo hivyo."

Akaangalia chini. Akasema, "Sasa hayo yameshakuwa mambo ya familia. Nikiyasema hadharani ndoa yangu itakuwaje?"

Nikawasha injini.

Mkutano haukuitishwa. Fidia haikurudi. Shemeji anaendelea kulala kwake. Mwalimu Fulgence aliandika kwenye grupu la kikundi, "Wapendwa, tumekaa muda mrefu bila kusoma, tuanze kitabu kingine." Chini yake kuna dole gumba tano. Kanisia alitoka kwenye grupu siku hiyo. Mimi nilitoka baada yake, nikachelewa tena, kama kawaida yangu.

Nilimpigia Masanja kumweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi nilikuwa najua si mimi." Nikamwomba anipe mama. Nikasikia anamwita, nikasikia mama anauliza ni nani, nikasikia anajibiwa. Masanja akasema mama anakamua. Ilikuwa saa sita mchana, wakuu. Hakuna anayekamua saa sita mchana.

Nimepiga mara nyingi tangu hapo. Siku nyingine anakamua, siku nyingine amelala. Mke wangu ananiambia nifunge safari niende. Nauli ninayo. Ninachokosa ni sentensi ya kwanza nitakayomwambia nikifika.

Kwa hiyo maoni yangu kuhusu riwaya ni haya. Imeandikwa vizuri, dalili zote mwandishi kakuwekea mezani. Kosa ni letu tunaosoma, tunaingia ukurasa wa kwanza mtu wetu tumeshamchagua. Na nililojifunza mimi ni kwamba neno la uongo ulilosema ili ukubalike, waliokupigia makofi ndio watakaokutolea ushahidi nalo.

Uwanja ni wenu. Aliyewahi kugombana na mama yake akapatana naye, naomba anieleze alianzaje. Na anayeona nilistahili aandike pia, sitajibu kwa matusi. Nimeshasikia mabaya zaidi kutoka kwa watu waliokula harusini kwangu.