Jino la Mama Mshona Nyavu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, miaka ile watu walipokuwa wakivuka ziwa kwa maboti kukimbia vita, Mama Riziki alirudi kwangu kidevu kimevimba. Nilikuwa daktari wa meno kijana, mgeni hapa Kigoma, najiamini kama jogoo. Jino lake la mbele, la chini, nilikuwa nimelisafisha mpaka ndani ya mzizi na kuliziba vizuri, lakini maumivu yalikataa kuondoka. Nikachukua koleo.

"Tuling'oe tu, mama."

Akafumba mdomo, akanikazia macho. Mama huyu alitoka Kongo na wanawe, akawa anawalisha kwa kushona nyavu za wavuvi pale Bangwe. Wavu huushika kwa mkono mmoja na kidole gumba cha mguu, sindano iko mkono wa pili, na uzi huukata kwa jino hilohilo. Nikamwambia atumie kisu.

"Kisu nitakishika na mukono ya nani, Docta?"

Mkuu wetu wa kliniki, Mzee Daudi, alikuwa mlangoni. Alicheka, kisha akanigeukia bila kucheka.

"Picha ya mzizi umepiga kwa mbele tu. Watu wakipanga foleni ya unga, ukisimama mbele yao utamwona mmoja. Sogea pembeni, kijana!"

Iliniuma, sikufichi. Hata hivyo nikasogeza mashine pembeni, nikapiga picha nyingine. Loo! Jino ambalo kwa watu wengi lina njia moja ya mshipa, lake lilikuwa na mbili, na ya pili ilijibanza nyuma, upande wa ulimi. Usaha wote ulitoka humo. Nikaifungua, nikaisafisha, nikaiziba.

Uvimbe ulipokwisha alikuja na kipande cha uzi wa nyavu. Hata kitini hakukaa. Akauuma mbele yangu, ukakatika.

"Kisu yangu imepona, Docta."

Nilifurahi siku ile kuliko siku niliyopata cheti.

Sasa nawe umeanza kazi hii, mwanangu, na mwenda pole hajikwai. Tiba ikikataa, usimlaumu mgonjwa wala usikimbilie koleo. Sogea pembeni, tazama tena, umuulize mwenye jino analitumia kwa kazi gani. Jino likishang'oka, hata ujuzi wako wote haulirudishi. Mungu akujalie mkono mwepesi na jicho lisilochoka kutafuta, na wanaoingia kwako wakilia watoke wakitafuna. Amina.